Hirizi ya Gari la Fumbuka

Nchi ninayoisimulia hapa msiitafute kwenye ramani, wala msinitazame kwa jicho hilo. Si ya kwetu. Kwetu mambo yanakwenda, na anayesema hayaendi ana lake jambo. Hii ni nchi ya watu wengine kabisa, huko mbali, na wenyewe huiita Jamhuri ya Njiani.

Jina hilo halikuja bure. Katika nchi hiyo hakuna kitu kinachokosekana. Vitu vyote vipo, ila vipo njiani. Maji yapo njiani. Madawati yapo njiani. Daraja la Mto Mbugu, ambalo waliolichangia wamekwisha kufa na wajukuu wao wameota mvi, lipo njiani. Hata wimbo wa taifa una ubeti mmoja tu. Wananchi wakimaliza kuuimba husimama kimya, mikono kifuani, wakiungoja ubeti wa pili ambao mtunzi wake yuko njiani nao.

Mambo hayo yote husimamiwa na Wizara ya Vilivyo Njiani, na wizara husimamia Sheria ya Kutomlaani Msafiri. Ni sheria ya kiungwana sana. Inasema kitu kikishatangazwa kuwa kipo njiani, ni marufuku kukinung'unikia, kukiuliza kinakwenda wapi, au kukizuia, kwa maana msafiri huombewa dua, hasemwi. Ile methali ya ngoja ngoja huumiza matumbo ilifutwa kwenye vitabu vya shule. Mwalimu mmoja iliyemponyoka mbele ya mkaguzi alipewa uhamisho, na mpaka leo hajafika kituo chake kipya.

*

Sasa, katika mji mdogo wa Fumbuka, kusini ya Mto Mbugu, aliishi mshereheshaji wa harusi aliyeitwa Sikudhani binti Mwinyikai. Mama huyu alipenda kipaza sauti kuliko chakula. Alikuwa na sauti ya kuwaamsha waliolala na waliokuwa wanafikiria kulala, na hakuwa mtu wa kujishusha. Ukimsifu, alikukumbusha na ulichosahau kusifu. Harusi zilipopungua, alihamia hewani. Alijiunga na Chama cha Redio za Ridhaa, watu wenye mitambo yao ya redio majumbani wanaozungumza mji kwa mji bila kulipwa na mtu. Ni ridhaa kama ya timu ya mpira ya mtaani, hakuna mshahara, mapenzi tu. Alikuwamo padri mmoja wa mlimani, mkulima wa kahawa, na muuza betri wa huko mpakani.

Walichokipenda zaidi kilikuwa kidude kidogo cha ukubwa wa kiberiti. Kidude hicho hupokea kutoka kwenye setilaiti habari ya mahali kilipo, kisha hupiga kelele hewani kila baada ya kitambo: nipo hapa, nipo hapa. Kituo cha jirani kikisikia hukirushia cha mbele yake, na hicho hukirushia kingine, mpaka habari inaishia kwenye kompyuta, ambako nukta nyekundu hutembea juu ya ramani. Wanachama walikiita mbea. Sikudhani alisema tofauti yake na mbea wa mtaani ni moja tu, huyu haongezi chumvi.

Msidhani kwake ulikuwa mchezo. Bintiye, Siwema, alishikwa na uchungu msimu wa mvua uliopita. Walipiga simu hospitali ya Mjikuu wakajibiwa kwamba gari la wagonjwa lipo njiani. Wakangoja. Walipochoka kungoja walimpakia kwenye lori la mchanga, na mtoto akazaliwa humo humo, juu ya mchanga, hakulia. Sikudhani ndiye aliyemfunika kwa ushungi wake. Tangu siku hiyo hakutaka neno hilo la njiani litamkwe mbele yake, na sasa Siwema alikuwa na mimba nyingine.

*

Basi zikaja habari njema. Marafiki wa nje waliipa Fumbuka gari la wagonjwa, jipya, jeupe, lenye king'ora. Uzinduzi ulifanyika Mjikuu, na Sikudhani akaitwa kuongoza vigelegele kwa niaba ya wanufaika.

Waziri wa Vilivyo Njiani, Mheshimiwa Mpandikizi, alipanda jukwaani huku akipepewa na maofisa wawili.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Leo gari hili linaanza kufika! Narudia, linaanza kufika! Kuanzia dakika hii watu wa Fumbuka mnalo gari. Mnalo kisera, mnalo kibajeti, mnalo kiroho. Kilichobaki ni kimwili tu, na mwili, wazee wetu walisema, ni udongo."

Watu wakapiga makofi, Sikudhani akapiga kigelegele cha kupasua masikio. Halafu akamwendea dereva akiwa na kifuko cha kitambaa cheusi kilichoshonwa pande zote.

"Mama, hiki nini?" dereva akauliza.

"Hirizi ya safari, mwanangu. Nimekuja nayo kutoka Fumbuka. Imesomewa."

"Mbona ina waya?"

"Kwani mashetani ya siku hizi hayatumii umeme? Na hirizi ya siku hizi nayo lazima ichajiwe. Chomeka hapo kwenye tundu la kuwashia sigara, na usiitoe. Aliyeitoa kwenye gari la shemeji yangu sasa hivi anatembea kwa ubavu."

Dereva alichomeka haraka, tena kwa mkono wa kulia. Toka siku hiyo hapakuwa na mtu katika wizara yote, kuanzia mfagizi hadi Mheshimiwa mwenyewe, aliyethubutu kukigusa kifuko kile. Wasomi wa wizara walisema hawaamini mambo ya hirizi, ila walipanda gari hilo kwa mlango wa nyuma.

*

Sebuleni kwa Sikudhani watu walijaa kutazama nukta nyekundu ya hirizi ile. Ilitoka viwanjani vizuri, ikafika kwenye mzunguko wa barabara, mahali pa kukata kuelekea kusini, Fumbuka. Wakashangilia. Nukta ikazunguka mzunguko wote, ikarudi kaskazini.

"Labda dereva kasahau kitu," akasema jirani mmoja mwenye moyo safi.

Usiku redio ya taifa ilitangaza kwamba gari la Fumbuka limevuka milima likiwa na ari kubwa. Nukta ilikuwa kwenye soko la samaki. Kesho yake wizara ilitangaza kuwa gari linapambana na tope kishujaa, na nukta ilikuwa shambani kwa Mheshimiwa Mpandikizi, ambako ilishinda siku nzima ikienda na kurudi baina ya banda la ng'ombe na kinu cha pumba. Jumamosi ilikwenda kasi ya ajabu katikati ya jiji. Sikudhani alipoona inaposimama akajipiga paja.

"Ukumbi huo naujua, nimeshereheshea humo. Leo ni harusi ya binti wa Mpandikizi. Jamani, gari letu linabeba keki!"

"Na king'ora wamewasha?" akauliza Siwema aliyekuwa amejilaza mkekani.

"Kwa kasi hiyo wamewasha, mwanangu."

Siwema aliweka mkono juu ya tumbo, na mama yake alipouona mkono ule alishindwa kuvumilia. Kuanzia juma hilo, kila alikoitwa kushereheshea, baada ya bwana harusi kuingia na kabla ya chakula, Sikudhani alishika kipaza sauti na kusema, "Sasa tumsikilize mbea," kisha akasoma gari la Fumbuka lilikuwa wapi jana, juzi na majuzi. Watu wakaanza kumwalika hata kwenye harusi ambazo hazina maharusi.

*

Aliitwa na dola, kama ilivyostahili. Msajili wa Mawimbi, Bwana Dosi, mtu mpole mwenye mihuri mingi, alimkalisha Sikudhani mbele yake na antena yake ikiwekwa mezani kama kidhibiti.

"Chama chenu kinaitwaje?"

"Redio za Ridhaa."

"Ridhaa ya nani?"

"Ya wenyewe. Ridhaa, mwanangu. Kama mpira wa ridhaa."

"Mpira hauulizwi, wewe unaulizwa. Waziri aliridhia?"

"Hakuombwa."

Bwana Dosi akamgeukia karani. "Andika, wamejiridhia." Halafu akaigusa antena kwa ncha ya kalamu. "Na fito hii yenye matawi ni ya kazi gani?"

"Ya kutafuta mwelekeo."

Karani aliinua mikono kutoka kwenye mashine ya kuchapia asije akaonekana ameshiriki.

"Mama," Bwana Dosi akasema taratibu, "mwelekeo wa taifa ulishapatikana. Ulitangazwa, ukapigiwa makofi. Mtu anayeutafuta upya anataka kutuambia nini? Kwamba tumeupoteza?"

"Mimi natafuta gari."

"Gari lipo njiani! Na nani anakuletea uzushi huu wa soko la samaki?"

"Mbea."

"Jina lake kamili?"

"Mwenyewe anajiita Mbea. Mjini hapa hapa yupo, tafuteni."

Wakatafuta. Kufikia jioni walikuwa wamewakamata wambea wote wa Mjikuu, wa kisimani, wa saluni na wa kwenye ngazi za maofisi. Jiji likawa kimya, na kabla juma halijaisha iliwabidi wawaachie, kwa kuwa mawaziri walikuwa hawana tena njia ya kujua kinachoendelea serikalini. Sikudhani alirudishwa kwao bila leseni, bila kompyuta na bila antena. Alipofika tu alivunja mwavuli mbovu, akachukua vyuma vyake na mpini wa fagio, akatengeneza antena nyingine. Alisema ni nzuri kuliko ya kwanza, na kwamba wa kuitengeneza vile nchi nzima ni yeye peke yake.

*

Hata hivyo aibu ilikuwa imeenea. Baraza la Mawaziri likakutana, na baada ya mjadala mzito wa chai likaamua kumaliza tatizo. Wengine, wasio na elimu ya utawala, wangefikiri dawa ni kulipeleka gari Fumbuka. Baraza lilikuwa na upeo zaidi. Liliamua kuipeleka Fumbuka kwenye gari.

Amri ilisomwa hadharani na Bwana Dosi mwenyewe, aliyesafiri hadi mji ule kwa kazi hiyo. Mtaa anakoishi Mheshimiwa Mpandikizi tangu leo unaitwa Fumbuka. Gari, kwa hiyo, limefika, na sherehe za kulipokea zimekwisha kufanyika.

"Na sisi je?" akauliza Sikudhani.

"Nyinyi serikali haikuwasahau. Aya ya pili: 'Mji uliokuwa ukiitwa Fumbuka, pamoja na watu wake, utahesabiwa kuwa upo njiani.'"

Watu walinung'unika, mwanamke mmoja akaanza kulia. Sikudhani alisogea mbele akatega sikio, jambo ambalo peke yake lingetosha kumtisha Bwana Dosi kama angekuwa anamfahamu.

"Soma tena hapo pa mwisho," akasema.

Akasoma tena.

"Kwa hiyo sisi ni wasafiri?"

"Kisheria, ndiyo."

"Na msafiri hazuiwi?"

"Hazuiwi."

"Wala haulizwi anakwenda wapi?"

Bwana Dosi akatoa leso akajifuta shingo. Alisema gari lake linamsubiri, na hiyo ilikuwa kweli.

*

Walivuka mto ulipopungua, kwa malori ya mchanga, kwa baiskeli na kwa miguu. Siwema, mimba yake ikiwa imetimia, alikaa mbele kwenye lori la kwanza. Aliapa hapandi nyuma kwenye mchanga ng'o, bora atembee. Nyuma yao walikuja wajawazito wengine, wagonjwa wa kifua, na mzee aliyekuwa akingoja kung'olewa jino tangu utawala uliopita.

Kwenye kila kizuizi askari waliinua mikono.

"Mnakwenda wapi?"

"Tupo njiani," wakaitika wote.

Askari wakatazamana, wakakumbuka sheria, wakapiga saluti na kuinua mti. Kwenye kizuizi cha mwisho askari mmoja aliwaombea na dua, maskini, kwa utii tu.

Tatizo lilikuwa jingine. Mtaa wa Mheshimiwa hakuna aliyeujua, na amri haikusema upo upande gani wa Mjikuu. Padri wa mlimani alikuwa ametuma habari kwamba mbea bado anapiga kelele lakini hasemi tena yupo wapi. Maana yake gari limefichwa chini ya bati, setilaiti hazilioni. Hapo ramani haisaidii. Inabidi usimame na antena mkononi, ugeuke polepole, usikilize ni upande gani sauti inavuma zaidi. Sikudhani alishuka Mjikuu mbele ya umma, akageuka na fagio lake, na sauti ikavuma kwa nguvu upande wa uwanja wa taifa.

"Nimelipata!" akatangaza.

Wakamfuata wote hadi chini ya sanamu ya Baba Msafiri, mwasisi wa Jamhuri, sanamu ya chuma ndefu kuliko msikiti, mguu mmoja umeinuliwa haujakanyaga chini. Wakaizunguka. Hapakuwa na gari. Mzee wa jino akauliza kama limo ndani ya tumbo la sanamu, na watu wakacheka, hata Siwema akacheka akiwa ameshika kiuno.

Sikudhani ilimuuma. Alisimama pale ametahayari, jasho linamtoka, mpaka akatambua alichokosea. Wimbi la redio likikutana na chuma kikubwa hudunda kama mpira ukutani, na yeye alikuwa amefuata mdundo badala ya mpira. "Mkubwa huyu anaturudishia maneno tu," akasema. "Twendeni mbali naye." Walitoka mpaka mtaa wa pili akapima na kuchora mstari kuelekea inakovuma sauti, wakaenda wa tatu akapima tena. Mstari mmoja ni tetesi, miwili ni ushahidi. Mistari ilikutana penye ukuta mrefu wenye vigae juu, na langoni palikuwa na kibao kipya, rangi haijakauka: KARIBU FUMBUKA.

*

Mheshimiwa Mpandikizi alitoka barazani na kanzu ya kulalia, ingawa ilikuwa mchana. Nyuma yake, bandani, chini ya bati na magunia ya pumba, ulionekana ubavu mweupe wa gari. Wakati huo huo Siwema akaushika mlango wa lori na kuguna.

"Mama, imeanza."

Sikudhani aliuona tena ule mchanga, akauona ushungi. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na woga ule ukageuka hasira mdomoni kabla hajapata muda wa kuupima.

"Mheshimiwa, lete gari!"

"Gari hili ni la watu wa Fumbuka," Mheshimiwa akajibu kwa sauti ya jukwaani. "Nyinyi ni nani? Kisheria nyinyi mpo njiani."

"Tulikuwa. Ulitutia njiani mwenyewe, kwa amri, tukaja. Hicho kibao kimeandikwa nini?"

Mheshimiwa alikitazama kibao chake.

"Sisi ni Fumbuka iliyokuwa njiani," Sikudhani akapaza sauti mpaka njiwa wakaruka, "na hapa ndipo Fumbuka. Tumefika!"

Neno hilo liliwapata walinzi wa lango vibaya. Lilikuwa halijawahi kutamkwa na raia. Mkubwa wao alitoa mfukoni kitabu cha sheria za Jamhuri, akapekua mbele, akapekua nyuma, akamkabidhi mwenzake. Kulikuwa na vifungu vya kuondoka, vya kuchelewa, vya kukwama na vya kupotea, lakini katika kitabu chote hapakuwa na mstari hata mmoja unaoeleza la kufanya kitu kikifika.

"Mheshimiwa," mkubwa wa walinzi akasema, "hatuna utaratibu."

"Ngojeni basi, nitapiga simu..."

Hawakungoja. Wanawake wa Fumbuka walisukuma lango, wakatupa magunia ya pumba, na dereva, aliyekuwa amelala ndani ya gari, aliamka akaona watu wote hao wamesimama mbele ya hirizi. Hakuuliza swali. Aliwasha gari, akawasha na king'ora, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza king'ora kile kulia kwa sababu ya mtu.

*

Siwema alijifungua hospitali ya Mjikuu, mtoto wa kike. Alilia. Alilia kwa nguvu, kwa ubishi, bila kupumzika. Sikudhani binti Mwinyikai, aliyekuwa na maneno kwa kila harusi, kila msiba na kila ofisa, alisimama mlangoni akiusikiliza ubishi ule. Machozi yalimtoka tu na akayaacha.

Walirudi nyumbani na gari. Haikuchukua muda, askari wakaja kulichukua. Afande aliyewaongoza alikuta limeegeshwa mbele ya zahanati, Siwema amekaa ndani na mtoto. Mbele ya kila gurudumu alikaa mwanamke na ungo wake anachambua mchele.

"Nani mwenye ufunguo?" afande akauliza.

Wanawake wakaendelea kuchambua mchele.

"Dada, shuka. Gari ni mali ya serikali."

Siwema alikuwa ananyonyesha. "Mwanangu wa kwanza walimshusha kwenye lori amefungwa kwenye kitambaa," akasema. "Huyu hashuki."

"Nina amri."

"Itekeleze, kaka yangu. Nimekaa hapa."

Afande alitazama tairi, akatazama nyungo, akatazama askari wake, ambao kila mmoja alikuwa ameona kitu cha maana sana angani. Akatafuta kivuli, akaketi, akaomba maji ya kunywa. Wakampa.

Najua mnasubiri niwaambie liliishaje. Ningewaambia, lakini Siwema hajashuka. Anayetaka mwisho wa hadithi hii aende mwenyewe Fumbuka, apite katikati ya nyungo zile, akamwambie ashuke.